Niliyoyaona nikiwa mahututi: ni wazimu, ni ufunuo, au ni ugonjwa?

Swali

“Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu, nina miaka 52. Mwaka huu niliugua tifoide hadi utumbo mwembamba ukatoboka, nikapasuliwa, kisha nikalazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Humo niliona maji ya ziwa yakiingia chini ya mlango na kupanda hadi kwenye godoro. Wauguzi walikuwa wakihesabu pesa za kuniuza. Marehemu mama yangu aliketi kwenye miguu ya kitanda bila kusema neno. Binti yangu ananiambia kwamba usiku kucha nilikuwa nachuna nyuzi za kitenge, na kwamba nilipiga kelele nikisema wifi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wangu hospitalini, amenipa karuho, yaani sumu. Sasa nimepona, lakini wifi haji tena nyumbani na ndugu za mume wangu wamegawanyika. Kwenye chumba cha maombi wanasema yale yalikuwa ufunuo. Mambo hayo nayakumbuka kuliko ninavyokumbuka watoto wangu waliponitembelea. Je, nilipatwa na wazimu? Yatarudi? Na kwa nini nakumbuka mambo ambayo hayakutokea?”

Jibu

Mama, pole kwa ugonjwa, na pole zaidi kwa yale uliyorudi nayo nyumbani baada ya ugonjwa kuisha. Nitaanza na jibu lenyewe, kwa kuwa umelisubiri muda mrefu. Hukupatwa na wazimu, na mimi kama daktari sioni ufunuo katika yale uliyonieleza. Ulipatwa na kuweweseka kwa mgonjwa mahututi, hali ambayo sisi huiita deliriamu, yaani ubongo kushindwa kufanya kazi yake kwa sababu mwili mzima umelemewa na ugonjwa. Woga ulioupata ulikuwa woga wa kweli, na sitakuambia uusahau tu. Lakini maneno uliyoyatamka ukiwa katika hali ile hayawezi kuwa ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Hilo nitalieleza kwa urefu, kwa sababu naona ndilo linaloendelea kuiumiza nyumba yako wakati kidonda cha tumbo kimeshafunga.

Magonjwa ya akili yanayoogopwa na watu kwa kawaida huanza polepole, kwa wiki au kwa miezi, na mgonjwa anaweza kusikia sauti huku akijua vizuri yuko wapi na leo ni siku gani. Kuweweseka huanza ndani ya saa au siku chache, katikati ya ugonjwa mkali, na hupanda na kushuka ndani ya siku moja: mgonjwa anaweza kuzungumza na binti yake vizuri asubuhi, na usiku wa siku hiyohiyo asimtambue. Kinachoharibika kwanza ni uwezo wa kuyaelekeza mawazo kwenye jambo moja na kulishikilia. Ndiyo maana daktari anayeipima hali hii haanzi kwa kuuliza mgonjwa anaona nini. Humwomba ataje siku za juma kwa kurudi nyuma. Mwaka 1990 daktari wa Marekani, Sharon Inouye, pamoja na wenzake, walitangaza kipimo kifupi kinachotafuta alama nne: mwanzo wa ghafla wenye kupanda na kushuka, umakini uliopotea, mawazo yasiyo na mpangilio, na fahamu zilizobadilika. Kipimo hicho kinatumika hadi leo na hakihitaji mashine yoyote, jambo lenye maana kubwa kwa hospitali kama zetu.

Sasa fikiria mwili wako ulivyokuwa. Tifoide huletwa na bakteria wanaoingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wakishaingia, hukusanyika katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na ugonjwa usipotibiwa mapema, ukuta wa utumbo huweza kutoboka, mara nyingi katika wiki ya pili au ya tatu ya homa. Uchafu wa utumbo humwagika ndani ya tumbo, damu huingiliwa na vijidudu, shinikizo la damu hushuka, na kinga ya mwili humwaga kemikali za vita ambazo hufika hadi kwenye ubongo na kuvuruga mawasiliano ya seli zake. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, kwa hiyo huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuonyesha kwamba mwili umeelemewa. Ongeza juu ya hayo dawa za usingizi za upasuaji, dawa za maumivu, homa, upungufu wa maji na chumvi, na usiku mwingi bila kulala vizuri. Ingekuwa ajabu zaidi kama akili yako ingebaki shwari.

Tena kuweweseka si jambo geni kwa wagonjwa wa tifoide. Katika utafiti uliofanywa Jakarta, Indonesia, na kutangazwa mwaka 1984, kuweweseka kulikuwa miongoni mwa alama zilizotumika kuwatambua wagonjwa ambao tifoide yao ilikuwa kali kiasi cha kuhatarisha maisha. Na kuhusu zile nyuzi za kitenge, binti yako asione aibu kulisimulia jambo hilo, wala wewe usione aibu kulisikia. Maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki, ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, yanaeleza wagonjwa wenye homa kali wanaochuna nyuzi za mavazi na kushikashika hewa tupu, na yanamwonya tabibu kwamba hiyo ni dalili ya hatari. Mikono yako ilifanya kile ambacho mikono ya wagonjwa imekuwa ikifanya tangu zamani zile.

Unauliza kwa nini uliona mambo hayo na si mengine. Siwezi kuingia ndani ya usiku wako, lakini naweza kukueleza jinsi picha hizo zinavyotengenezwa. Umakini ni kama bawabu wa mlangoni: huchagua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Bawabu akianguka, kila kitu huingia kwa pamoja, yaani sauti za chumbani, maumivu ya mwili, kumbukumbu za utotoni na hofu za maisha yote, na ubongo, ambao hauwezi kuvumilia vipande visivyo na maana, huvishona kuwa hadithi moja. Mashine ya oksijeni inayopitisha hewa kwenye chupa ya maji hutoa mlio wa maji yanayobubujika usiku kucha. Mpira wa mkojo humpa mgonjwa hisia ya unyevu na ya kubanwa. Kwa mtu aliyezaliwa Bukavu, maji yanayosikika gizani yana jina moja tu, nalo ni Ziwa Kivu. Na wale wauguzi waliokuwa wakihesabu pesa? Katika hospitali zetu familia hulipia seromu (maji ya mishipani), glavu, dawa na kitanda, na mazungumzo ya bili hufanyika mara nyingi karibu na kichwa cha mgonjwa, kana kwamba hasikii. Mgonjwa husikia. Husikia “bado hajalipiwa,” husikia kiasi, huona mikono ikigusa mwili wake bila kuelezwa kwa nini, naye huhitimisha kwamba anauzwa. Napenda wauguzi wanaosoma jibu hili watue kidogo hapa: kumweleza mgonjwa kwa sauti ya chini “mama, nakugeuza ubavu, nataka kusafisha kidonda” ni sehemu ya tiba, hata akionekana hana fahamu.

Wagonjwa wa nchi nyingine huleta hadithi zenye umbo hilohilo na nguo tofauti. Wa Ulaya husimulia kwamba walifungwa gerezani, walipakiwa kwenye meli au treni, au walizungukwa na watu waliotaka kuwaua kwa sindano. Hapa Kivu, mtu aliyeishi Bukavu wakati wa vita vya mwaka 1996 au mapigano ya mwaka 2004 anaweza kuwaona wanajeshi wakiingia kwenye wodi. Ubongo unaoteseka hutafuta sababu ya mateso yake, na sababu hiyo huichukua kutoka ghalani mwa jamii iliyoulea. Katika mji wetu, tangu utotoni tunasikia kwamba tumbo likiuma pasipo sababu inayojulikana, kuna mkono wa mtu, na mkono huo umeweka karuho katika chakula. Wewe ulikuwa na tumbo linalouma kuliko maumivu yoyote uliyowahi kuyajua. Neno lilikuwa tayari linakungoja.

Lilihitaji tu jina la mtu, na hapa naomba wewe, mume wako na ndugu zake msome kwa makini. Mgonjwa anayeweweseka mara nyingi humshuku yule aliye karibu naye: muuguzi anayemchoma sindano, mume anayemzuia asishuke kitandani, mtoto anayemlazimisha anywe maji. Hamtaji adui wa zamani aliye mbali, kwa sababu huyo hayupo mbele ya macho yake. Wifi yako alikuwa mlinzi wako. Uso wake ndio uliokuwa juu yako ulipofumbua macho, mkono wake ndio ulioshika kijiko na kikombe. Alitajwa kwa sababu alikuwepo, na alikuwepo kwa sababu alikubali kulala sakafuni kwa ajili yako.

Kuna watu watakaosema kwamba mgonjwa aliyepoteza akili husema kweli ambayo mtu mzima huificha. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, na naipinga bila kusita. Katika deliriamu hakuna pazia linalofunguka ili siri itoke; kuna kazi ya kuunganisha mambo ambayo imeharibika. Mtu yuleyule aliyesema amelishwa sumu na wifi alisema pia kwamba ziwa lilikuwa chini ya kitanda chake, na hakuna mwanafamilia aliyeenda kukausha sakafu. Haiwezekani kuchagua sentensi moja kutoka usiku ule, kuiita ushuhuda, na kuziacha nyingine. Zaidi ya hayo, ugonjwa wako una maelezo yake kamili. Daktari wa upasuaji aliuona utumbo uliotoboka kwa macho yake, na tundu la aina hiyo, kwa mtu mwenye homa ya tifoide ya siku nyingi, ni madhara yanayofahamika vizuri ya tifoide yenyewe. Hakuna kinachobaki bila maelezo hata kihitaji karuho.

Kwa sababu hiyohiyo, kataa kabisa mtu akikupendekezea dawa za kutapisha au za kuharisha ili “kutoa karuho iliyobaki.” Utumbo uliopasuliwa na kushonwa hauhitaji kusukumwa namna hiyo, na upungufu wa maji unaoletwa na dawa hizo ungeweza kukurudisha kitandani. Ningesema hivyohivyo kuhusu kufunga kula kwa siku kadhaa katika miezi hii ya kupona, hata kama nia ni njema.

Kuhusu kupatana na wifi, sidhani kwamba muda pekee utatosha. Aliumizwa mbele ya watu, kwa hiyo neno la kumsafisha linapaswa kusemwa mbele ya watu. Ningekushauri mume wako awaite ndugu wale waliogawanyika, na wifi awepo, nawe useme kwa kinywa chako mwenyewe kwamba ulikuwa mgonjwa wa ubongo kwa sababu ya tifoide, kwamba maneno yale hayakutoka katika akili yako timamu, na kwamba unamshukuru kwa usiku aliokesha. Kama mnaona itasaidia, ombeni daktari au muuguzi aliyekuhudumia awape maelezo mafupi. Familia nyingi hutulia zikisikia kutoka kwa mtu aliyeshika faili. Nakuomba pia ujiandae kwa uwezekano kwamba wifi hatalia na kukukumbatia siku hiyohiyo. Katika utafiti wa New York uliotangazwa mwaka 2002, wenzi wa ndoa wa wagonjwa wa saratani waliowahi kuweweseka waliulizwa kiasi cha mateso waliyoyapata, na alama zao zilikuwa juu kuliko za wagonjwa wenyewe. Yule aliyekaa kando ya kitanda aliyaona yote akiwa macho, na kwa wifi yako liliongezeka jambo la kuitwa muuaji. Mpe nafasi naye asimulie.

Utafiti huohuo unajibu sehemu nyingine ya swali lako. Kati ya wagonjwa 101 waliopona kuweweseka, 54 waliyakumbuka yaliyowapata, yaani zaidi kidogo ya nusu. Wale waliokuwa wametulia kimya kitandani, ambao kila mtu aliwadhani wamelala tu, walikuwa wameteseka sawa na wale waliopiga kelele. Kwa nini picha hizo zinabaki wazi wakati ziara ya watoto imefutika? Kwa sababu ubongo hautunzi jambo usiloliwekea umakini, na umakini wako ulikuwa umevunjika. Lakini jambo lenye hofu kubwa hupenya na kuchimba alama yake hata hivyo. Ndiyo maana kumbukumbu zako za siku zile ni vipande vikali visivyo na mfuatano, bila saa, bila kujua kipi kilitangulia. Ukali wa kumbukumbu si kipimo cha ukweli wake. Ulimwona mama yako na ulilihisi ziwa, hayo ni mambo yaliyokupata wewe. Hayakutokea katika chumba kile.

Nimeona jinsi ulivyomtaja mama yako. Wagonjwa wengi waliowaona marehemu wao hawakuwaogopa, na wengine husema ndio uso pekee uliowatuliza. Sina sababu yoyote ya kukunyang’anya hilo, na wala si kazi ya daktari. Ninachokukataza ni kufanya uamuzi kwa kutegemea yale uliyoyaona: kumfukuza mtu, kuvunja undugu, kuuza kiwanja, kuhama. Waambie wanaokuombea waendelee kukuombea, na uwaambie pia kwamba siku ambayo mtu mwenye homa ataletwa kwao akipayuka na kushindwa kutambua watoto wake, anatakiwa kufika hospitalini kwanza, saa hiyohiyo, na maombi yamfuate huko. Katika mji wetu wagonjwa hupoteza maisha kwa sababu siku mbili za kwanza zilitumika kukemea pepo wakati sukari ya damu ilikuwa ikishuka au utando wa ubongo ukishambuliwa na vijidudu.

Umeniuliza kama yatarudi. Hayatarudi yenyewe, ukiwa mzima. Lakini mtu aliyewahi kuweweseka ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuweweseka tena akipata ugonjwa mkali au upasuaji mwingine, na uwezekano huo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo liwe jambo la kumwambia kila daktari atakayekulaza, kama unavyomwambia dawa zinazokudhuru. Mwombe aangalie hasa dawa za kutuliza za aina ya diazepamu. Mara nyingi hudungwa ili mgonjwa anyamaze, lakini huweza kufanya kuweweseka kudumu zaidi badala ya kuisha; hufaa zaidi kwa degedege na kwa mlevi aliyekatiza pombe ghafla. Hata haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili ambayo wengi wetu tulifundishwa kuwa ni tiba, haikufupisha kuweweseka ilipolinganishwa na dawa bandia katika jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2018 kwa wagonjwa mahututi 566. Inabaki kuwa na nafasi ndogo, kwa mgonjwa anayekaribia kujiumiza au kuwaumiza wengine. Tiba yenyewe ni kutibu chanzo: kuziba utumbo, kuua vijidudu, kurudisha maji, oksijeni na sukari. Hukuniambia kama ulifungwa mikono. Kama ulifungwa, fahamu kwamba mara nyingi hufanyika ili mgonjwa asing’oe seromu au mirija, lakini kwa maoni yangu kufungwa huongeza hofu na kupigana, na mkono wa ndugu ulioshika mkono wa mgonjwa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Katika hilo sisi tuna utajiri ambao hatuuthamini. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake walitangaza matokeo ya mpango wa kuwahudumia wazee hospitalini kwa mambo ya kawaida kabisa: kuwakumbusha siku na mahali, kuwapa maji, kuwasimamisha na kuwatembeza, kuwavisha miwani yao, kuwaachia usiku wa utulivu walale. Kati ya wazee waliohudumiwa hivyo, asilimia 9.9 waliweweseka, na kati ya waliohudumiwa kwa kawaida, asilimia 15. Kule ilibidi watafute watu wa kujitolea wa kukaa na wazee hao. Hapa kila kitanda kina mlinzi wa mgonjwa, tena ndugu wa damu au wa ndoa, na mara nyingi tunamtuma tu kununua dawa na kufua nguo. Mlinzi anayejua la kufanya ni dawa. Aseme na mgonjwa kwa lugha ya utotoni, Mashi kama ndiyo lugha ya nyumbani, kwa sentensi fupi. Amtajie yuko wapi, ni asubuhi au usiku, nani amekuja. Asibishane na maruweruwe wala asiyakubali: akiambiwa kuna maji sakafuni, ajibu, “Mimi siyaoni, lakini najua unaogopa, na siondoki.” Asicheke. Asiruhusu umati wa wageni kuzunguka kitanda na kulia.

Baada ya kurudi nyumbani, kuna mambo ambayo huenda hukuyaandika katika swali lako. Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013 kwa wagonjwa 821 waliotoka katika hali mahututi, asilimia 74 walikuwa wameweweseka, na kadiri kuweweseka kulivyochukua siku nyingi ndivyo kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo ulivyokuwa dhaifu miezi 3 na miezi 12 baadaye. Basi ukijikuta darasani umesahau hesabu uliyokuwa unaiandika ubaoni, au umechoka kusahihisha madaftari kabla hujafika nusu, usijione mvivu wala usidhani umechakaa. Kama mkurugenzi wa shule anaweza kukupangia vipindi vichache kwa muhula wa kwanza, chukua nafasi hiyo. Wengi huendelea kupata nafuu polepole. Lala saa za kutosha, tembea kila siku, kula vizuri, na usinywe pombe ili upate usingizi.

Kuhusu picha zinazorudi, kuna njia moja ninayoipenda. Katika nchi za Skandinavia wauguzi na familia walianza zamani kumwandikia mgonjwa mahututi daftari la siku zake: leo ulipumua kwa mashine, leo mwanao alikuja, leo ulikuwa na hofu ukadhani tunakufunga. Utafiti wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliopewa daftari walipata kwa uchache ugonjwa wa mshtuko wa kumbukumbu, yaani hofu ya yaliyopita kurudi na kumsumbua mtu, asilimia 5 dhidi ya 13 kwa wasiopewa. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2019 halikuona tofauti ya uhakika. Hata hivyo daftari halina madhara, na kwako lina faida ya pekee: linajaza mapengo kwa mambo yaliyotokea kweli. Mwombe binti yako akae nawe mwandike siku kwa siku. Wifi akikubali, yeye ndiye mwenye sehemu kubwa ya kurasa hizo. Ukiweza, rudi hospitalini mchana mmoja ukiwa na mtu wako, uione ile mashine ya oksijeni, uisikie inavyobubujika.

Kama baada ya mwezi mmoja bado unaamka usiku ukipiga kelele, unaogopa kupita karibu na hospitali, unakwepa kula chakula kilichopikwa na wengine, au unakosa hamu ya kuishi, usingoje zaidi. Bukavu ina kituo cha afya ya akili cha SOSAME, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, na kwenda huko hakumaanishi kwamba umekuwa kichaa. Mshtuko wa kumbukumbu una tiba ya mazungumzo inayofanya kazi. Ukiona mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo.

Nawaongezea wasomaji wengine jambo moja, hasa wenye wazee nyumbani. Kuweweseka hakupigi kelele kila mara. Babu aliyekuwa akizungumza vizuri juzi na leo anasinzia mchana kutwa, haulizi chakula, anajibu neno moja lisilohusiana, huyo pia anaweweseka, na aina hii ya kimya ndiyo inayopitwa zaidi na macho ya familia na ya madaktari. Mfikisheni hospitalini, mkaseme wazi, “Hayuko kama alivyokuwa juzi.” Apimwe malaria, apimwe sukari kwa tone la damu la kidole, kipimo cha dakika moja, na kama anatibiwa kwa kinini, ambayo mashamba ya miti yake tunayo hapahapa Kivu, kipimo cha sukari kirudiwe, kwa sababu dawa hiyo yenyewe huweza kuishusha. Aangaliwe mapafu, shingo kama imekakamaa, na kibofu kama kimejaa mkojo usiotoka. Na kama mgonjwa alikuwa akinywa kanyanga au kasiksi kila siku na amelazwa akakatizwa ghafla, mwambieni daktari bila kuona haya, kwa maana kuweweseka kwa kukatiza pombe huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, huua, na huhitaji dawa tofauti pamoja na vitamini B1 kabla ya seromu ya sukari.

Mama, utakaporudi kwa daktari wako wa upasuaji, mwombe akuandikie katika kadi yako, pamoja na jina la upasuaji, kwamba uliweweseka ukiwa mahututi, na kwa siku ngapi. Nakala moja mpe mume wako aitunze.